Dakika Arobaini

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Novemba,
mimi ndiye mgonga rimu.

Rimu ya pikipiki. Mzee Cirimwami
aliitundika mwenyewe kwa waya wa simu
hapa ukumbini, Cimpunda, akasema:
Msemaji apewe dakika arobaini,
hata akiwa askofu.
Zaidi ya hapo watu wana njaa,
na njaa haina masikio.

Mwaka wa tisa huu tangu tumzike,
mhadhara wa tisa wa kumkumbuka.
Nimemgongea daktari wa kipindupindu.
Nimemgongea mheshimiwa katikati ya neno maendeleo,
akabaki na nusu yake mdomoni
kama mwiba wa sambaza.

Leo zamu ya Ansima Lwaboshi,
binti wa muuza makaa wa Funu,
aliyesomea udongo.
(Tulicheka: udongo nao husomewa?)
Viti mia mbili, vingine vya kuazima,
vina jina la kwaya mgongoni.
Picha ya mzee imeinama kidogo upande.
Mvua inatafuna maneno juu ya mabati;
Ansima anangoja itosheke, ndipo anaanza.

Hakuja na karatasi. Alikuja na bidoni ya maji
na sinia la udongo mwekundu.
Juu yake akapanga maganda ya viberiti, kumi na mawili,
akayataja kama mtu aitaye wanafunzi:
Hii ya Mama Faida. Hii ya fundi Byamungu.
Hii ile ya mapacha.

Hapo ukumbi uliacha kukohoa.
Usiku ule wa Aprili tulichimba kwa sahani.

Akamimina taratibu, kama anayemnawisha mgeni.
Nyumba zikakaa. Tukapumua.
Ndipo akatoa kisanduku cha majani ya chai,
akakiweka juu kabisa, kilimani,
akachora mfereji kwa kidole, kushuka,
akamimina tena.

Nani asiyekijua kisanduku kile?
Tulikuwa tumeketi ndani yake.

"Mzee alijenga kwa moyo," akasema,
"na maji akayaelekeza mahali asipolala yeye."

Mmoja akapaza: Heshima!
Mwingine: Maiti hajitetei!
Mwenyekiti wa kamati akanionyesha saa yake,
akagonga kioo kwa ukucha.
Dakika ya thelathini na nane.
Nyundo ilinilowa mkononi.

Mimi ni mmoja wa waliochimba mfereji ule.
Alitulipa unga na chumvi,
akashika chepe naye, akatutania mpaka jioni.
Nilimpenda.
Bado nampenda.
Arobaini.
Arobaini na moja.

Mama Nabintu, mjane, safu ya kwanza,
sura ya mumewe kwenye kitenge begani
(kinachapwa upya kila mwaka,
na kila mwaka pua inazidi kupotea),
akasimama. Tukadhani anaondoka.
Akaliendea sinia, akachutama,
akatia kidole kwenye tope palipokuwa mapacha,
akauliza, si kwa sauti kubwa:

"Yangepita wapi, mwanangu? Nionyeshe."

Ansima akaonyesha. Kwa kulia, kwa ngazi za mawe,
katikati ya uwanja wetu wa sherehe,
chini ya choo kipya chenye jina la mfadhili,
polepole, hadi mto Kawa.
Akaonyesha mara mbili. Mama akaomba ya tatu.

Sikugonga.
Jikoni maharage yalipoa,
na yule aliyezoea kuuliza chakula saa ngapi
leo hakuuliza.

Sijui kamati itaamua nini.
Sijui mwakani nani atashika nyundo.
Tulipotoka mvua ilikuwa imerudi.
Tukasimama kibarazani, tumebanana,
tukiyatazama maji yakituaga kwa adabu,
yakiingia mferejini,
yakishuka bila kuuliza njia.